Mkono wa Nne Kwenye Sinia

Mkiniona nacheka msidhani natunga. Sinia lenyewe ninalo, liko uvunguni mwa kitanda changu, na atakaye kuliona na aje.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Nilipata nafasi chuo cha ufundi, upande wa Buxton, na ingawa kwetu Ndia Kuu ni mwendo wa miguu, nilihamia bwenini. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kulala nje ya Mji wa Kale ili asomee umeme. Mjomba, aliyetaka nikae dukani kwake, alisema nitarudi kabla mwezi haujaandama. Nikamjibu kuwa nikirudi sisomi tena, na duka nitalifungua mimi kila asubuhi hadi nizeeke. Nilijifunga kwa maneno yangu mwenyewe.

Ah, ilikuwa taabu. Kufua sijui, kuamka bila mama kunigongea sijui. Chumbani tulikuwa watatu: mimi, Mutua wa Machakos, na Otieno wa Kisumu, jitu refu lenye Kiswahili cha kuvunja mbavu. Akisema "kitabu yangu imepotea", mimi hoi kwa kicheko. Yeye hanuni. Kila mtu alikula kwa sahani yake, akitazama ukuta wake. Kufikia wiki ya tatu nilishafunga sanduku langu mara mbili, nikalifungua.

Basi Ijumaa moja nikasema leo nawapikia. Nikaenda Marikiti, nikanunua mchele, nyama na bizari, nikapika pilau yangu ya kwanza maishani, ikaungua chini kidogo tu. Nikaipakua kwenye sinia la shaba la mama, nikawaketisha wenzangu mkekani. Ilikuwa magharibi, ndiyo kwanza taa zawashwa. Kwa fahari niliyokuwa nayo hata bismillahi niliisahau.

Mara, "Hodi."

Mtu wa kwetu akisikia hodi hatazami, kinywa kishajibu. Nikasema karibu, karibu chakula, macho yangu kwenye nyama.

Akaingia kijana wa kanzu nyeupe, akakaa kando yangu, akala. Nikaona mikono minne siniani, nikafurahi. Nani asiyependa mgeni? Kimvita chake safi, cha kwetu hasa. Akaniuliza hali ya mama, akanitajia dirisha la chumba changu lisilofungika, na mimi sikujiuliza kajuaje. Kisha akaniita kwa upole, "Ndoo, twende kwetu. Kitanda kishatandikwa."

Wallahi machozi yalinilenga. Nikataka kuinuka.

Mutua akanishika shati, akaniuliza kwa sauti ya chini nasema na nani. Kumbe wao walinisikia naongea na ukuta, na waliona wali unachimbika upande usio na mtu. Nikatazama. Mbele ya mgeni ni shaba tupu, na mkono wake sasa umefika upande wangu.

Nami nilifanya nini? Sikufanya kitu. Nilifunzwa tangu utotoni kuwa mwenyeji hanyanyuki kabla ya mgeni, wala hamwambii mgeni basi. Na huyu hashibi. Akarudia, twende kwetu, akanishika mkono kwa baridi ambayo naijua mpaka leo, na miguu yangu ikaanza kumfuata.

Otieno hakufunzwa adabu hiyo. Alisimama, akalinyanyua sinia juu ya kichwa, akauambia ukuta:

"Chakula imekwisha. Enda kwenu."

Kwenu! Hapo ndipo nilipozinduka. Yule mgeni aliposema kwetu nilidhani ni kwa mama, kumbe alisema kwao. Mkono ukaniachia. Mlangoni hakupita, nawaambia. Palikuwa na mtu, kisha pakawa na mkeka.

Nguo zangu nilizitoa sandukuni usiku uleule, na tangu hapo tulikula sinia moja hadi tulipomaliza chuo. Siku ya vyeti mjomba, niliyekwisha kumsimulia kisa chote, alikuja na kanzu yake ya Idi, akampa mkono Otieno kabla yangu. Sijapata kuona fahari kama ile.

Pale alipokula yule, shaba ni nyeusi hata leo. Nimesugua kwa ndimu na majivu, wapi. Nanyi mnaokwenda kukaa vyuoni, hodi ikipigwa tazameni mlango kwanza. Mtu akiwaambia twende kwetu, muulizeni ni wapi. Wajukuu wangu nimewafunza maneno ya Otieno. Mmoja, msomi huyo, akanisahihisha: babu, husemwa chakula kimekwisha.

Nikamwambia ayaache yalivyo. Ndiyo yaliyonirudisha.