Bakuli la Pilipili la Winson Green

Muuza vioo vya kale anapaswa kujua mengi, lakini la kwanza ni kununua kabla ya kueleza. Mimi hueleza kwanza. Nina meza katika ukumbi mmoja wa Hockley, hapa Birmingham, ambako kila Jumapili ninauza vyombo vya kioo vilivyopulizwa na mafundi kwa pumzi zao, si vya kutoka mashineni.

Wakati huo nilikuwa na mteja mmoja, mzee mstaafu anayekusanya vioo vya kijani tu. Kila juma aliniulizia bakuli, na kila juma nilimwambia asubiri. Subira ilikuwa inamwishia, nami nilianza kuogopa kumpoteza.

Jumamosi moja nilikwenda Winson Green kurudisha sufuria tuliyoazima kwa Mama mmoja wa kanisani kwetu, mtu wa Bukavu, Kongo. Kwake hurudishi sufuria ukaondoka. Nilikalishwa mezani, ikaja fufu, ugali wa kwao wa muhogo, wakaja samaki wadogo wa kukaanga, na katikati ikawekwa pilipili. Ilikuwa ndani ya bakuli zito la kijani, lenye viputo ndani ya kioo kama soda iliyoganda.

Mfanyabiashara angesema, "Mama, hili ungeniuzia?" Mimi nilimimina pilipili yote kwenye sahani yangu, nikaligeuza bakuli juu chini.

"Papa, weye! Utakufa na hiyo pilipili!"

"Mama, gusa hapa chini. Unasikia kovu? Ili amalizie mdomo, fundi hukibandika chombo kwenye fimbo ya chuma. Akikikata, alama hubaki. Ndiyo kitovu chake."

Aligusa. Akagusa tena kwa kidole gumba, uso ukabadilika. Mtu akielewa jambo mbele yangu, sijiwezi. Nikaendelea na viputo, nikaendelea na uzito, nikamwambia kwamba mafundi hawawezi kutengeneza mawili yanayofanana kabisa. Aliuliza maswali mazuri sana. Kisha akanyanyuka, akaleta jagi la maua, akamwaga maji na kulipapasa chini.

"Hii haina kitovu."

"Safi kabisa, Mama! Hilo ni la mashine."

Binti yake, aliyezaliwa hapahapa Birmingham, alisema kwa Kiingereza kutoka kochini kwamba sasa hakuna kikombe kitakachopona humu ndani.

Ndipo nikamkumbuka yule mzee mteja wangu. "Mama, kwa kweli nilitaka uniuzie hilo bakuli."

Alinitazama kama niliyeomba kumnunua mjukuu wake.

"Kitu iko na kitovu, unauzisha? Mi nilizani ni bakuli tu. Ungeniomba mbele, kabla ya kula, ningekupatia bure."

"Bure?"

"Bure, Papa. Sasa umenifundisha. Kula pilipili yako." Akanisogezea lile jagi. "Hii ya bila kitovu njo nakuuzisha."

Kesho yake mzee alifika, akapitisha macho mezani, hakuona kijani. Nilitaka kuomba radhi kwa maneno machache. Badala yake nilimweleza lile bakuli kwa nusu saa: kovu, viputo, uzito, hata jinsi pilipili ilivyolipendeza, midomo yangu bado ikiwaka.

Alivua miwani. Akauliza, kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, kama mama huyo angemruhusu walau aliguse.

Nikamwambia nitamwombea ruhusa, na siku hiyo aje na njaa.