Zaitun na jani la majorani

MPWAPWA, 1911. Jua halijapanda vilima, na Zaitun binti Abbasi amekwisha kuchutama bustanini, nyuma ya nyumba ya daktari wa Kijerumani. Anachuma kwa kucha, jani moja moja, macho ameyafumba nusu.

"Hili halitaki kisu," anasema polepole. "Ukilikata kwa chuma, harufu inakasirika."

Jani lenyewe ni dogo kama sikio la panya, rangi ya majivu. Wajerumani huliita majorani. Silvano, mpishi wa daktari, hulitia katika soseji na supu ya maharage. Zaitun, mzaliwa wa Kondoa, huwachemshia wenye mafua wajifukize. Tena huliloweka katika mafuta ya ufuta, akawapaka maharusi nywele.

Alianza kazi hapa miaka sita iliyopita, baada ya mumewe, aliyekuwa mpagazi, kufia katika njia ya Tabora. Usingizi ukamhama.

"Siku ya kwanza kupalilia majorani, nilisinzia pale pale, jembe mkononi. Nikamwona mume wangu anatua mzigo. Akaniambia, 'Zaitun, nimefika.'"

Silvano hakumwamsha. Alisimama akimkinga jua.

Mwaka juzi ukaja ukame. Daktari aliamuru maji yote yapewe kabichi, na majorani ikaanza kukauka. Zaitun hakubisha. Kila asubuhi alibeba kibuyu cha maji yake mwenyewe kutoka nyumbani, mwendo wa saa nzima, siku themanini na mbili, mpaka mvua iliponyesha. Mashina manne yakapona.

Daktari alipojua alisema nini? namuuliza.

"Alichuma jani, akanusa, akakaa chini kwenye udongo na suruali yake nyeupe. Baadaye akasema mama yake hushona vifuko vya jani hili, akaviweka chini ya mto wa kulalia, apate usingizi."

Mwezi ujao daktari anahamia Dodoma, kwenye reli. Atakayeingia nyumba hii anataka bustani iwe zizi la nyumbu wa mizigo. Zaitun alimwomba daktari mashina yake, akajibiwa, "Chukua yote, mama. Wewe ndiye uliyeyalea."

Amekwisha kulima kipande kando ya kijito, karibu na kwake. Lakini shina la kwanza haliendi huko.

"Jirani yangu Zipora alimzika mwanawe mwezi wa Rajabu," anasema. "Tangu hapo halali. Nitampandia mlangoni, upande unakotoka upepo."