Gari Lililoinuliwa kwa Vipande vya Mninga

Mume wangu aliamini kwamba hakuna shida duniani isiyotatuliwa kwa kwenda juu. Kuku wakidonoa mtama, aliinua ghala. Maji yakiingia jikoni, aliinua kizingiti, na sisi wengine tukajikwaa miaka yote. Soko huria lilipofika Bariadi, na kila mwenye mizani na shati la kola akawa mnunuzi wa pamba, aliacha ukarani wa chama cha ushirika, akajiinua mwenyewe hadi cheo cha mfanyabiashara. Cheo hicho hakikuwa na mshahara, lakini kilikuwa na gari.

Lilikuwa gari kuukuu aina ya jeep lenye mabenchi na turubai nyuma, ambalo watu wa miradi walilitumia mpaka wakalichoka. Msimu wa kwanza lilimtii. Kisha mvua za mwanzo zikamkuta mbugani, njia ya Mwamapalala, akiwa amepakia pamba yake ya mwisho. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauna urafiki na mtu. Gari lilizama hadi tumbo, likaja kuvutwa na maksai wa mzee mmoja ambaye pamba yake alikuwa ameshamuuzia mnunuzi mwingine. Mzee yule, kwa adabu zote, hakucheka mpaka alipomaliza kufungua mnyororo.

Hasara mume wangu angeivumilia. Kicheko kilimnyima usingizi.

"Gari hili ni fupi," alitangaza asubuhi, kana kwamba ni kosa la wazazi wake. "Nalipeleka likainuliwe."

Fundi wetu wa mjini alikuwa na sifa moja kubwa: hajawahi kumwambia mteja "haiwezekani". Alichonga vipande vya mbao ngumu ya mninga, akavibana kati ya springi na ekseli. Kwa mbele akarefusha vile vyuma vinavyoshika mwisho wa springi, akafunga matairi makubwa ya lori. Gari likapanda juu kiasi kwamba mbuzi walianza kupumzika kivulini chini yake. Wanunuzi wenzake walikuja kulizunguka wakitikisa vichwa, na mume wangu alisimama mikono kiunoni akipokea pongezi kama aliyejifungua mapacha.

Mimi nimekua nyuma ya plau. Mtu yeyote aliyelima kwa ng'ombe anajua kwamba ukibadilisha maksai wafupi ukafunga warefu, huwezi kuacha mnyororo ule ule. Utavuta plau kwenda juu, jembe litaparaza ardhi badala ya kuuma, na wewe utalaumu ng'ombe. Kimo kikibadilika, kila kilichofungwa kwenye kimo hicho hubadilika. Mume wangu naye alijua hivyo. Alilima hadi alipooa. Lakini elimu ya plau aliiona ya kishamba mno kwa kitu chenye injini.

Nilichungulia chini ya gari. Kile chuma kinachotoka kwenye usukani kwenda kwenye gurudumu, ambacho zamani kililala karibu sawasawa, sasa kilikuwa kimeteremka kama ngazi. Propela nayo, lile bomba linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, ilikuwa imepinda shingo kuifuata ekseli kule chini.

"Hivi, vyuma hivi havikuongezwa urefu?" niliuliza.

"Mke wangu," alisema kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa, "tumeinua gari. Hatukuinua vyuma."

Hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe, na alikuwa amelieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Siku ya kwanza barabarani gari lilionyesha kwamba limepata akili zake. Ukikata kona, usukani haukurudi wenyewe kama zamani. Ulibaki pale pale ukingoja maelekezo. Ukipita kwenye shimo, gurudumu lilipanda, kile chuma kilichoinama kikalisukuma pembeni, na gari likaelekea lilikotaka. Propela ililia njia nzima. Mume wangu alishuka akiwa ameloa jasho, akatoa uamuzi wa kitaalamu.

"Litazoea."

Hapo ndipo elimu ya ng'ombe ilipomrudia, mahali pasipotakiwa. Maksai mpya ukimfunga nira, siku za kwanza huyumba, huvuta upande, hulala mtaroni. Unamtembeza kila asubuhi, unamwekea mzigo kidogo kidogo, na mwisho hunyooka. Basi mume wangu akawa analifundisha gari. Alilitembeza hadi kituo cha mabasi na kurudi, kwanza tupu, kisha na gunia, kisha na magunia. Alilipigapiga bodi na kulisemesha. Chuma, masikini, hakikuwa na masikio.

Wakati huo mama yangu, mjane, alikuwa Mwamapalala akiishi gizani. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na watu aliwatambua kwa sauti tu. Padre akatangaza kwamba madaktari wa macho kutoka mbali wamefika hospitali ya Bariadi, na baada ya wiki hiyo wanaondoka. Kurudi kwao anajua Mungu. Mvua zilikuwa zimekata njia. Magari ya kawaida hayakuthubutu kuingia kijijini, na siku ya mwisho ya kupokea wagonjwa ilikuwa imefika. Niwe mkweli: asubuhi ile nililipanda gari lile refu kwa shukrani, na niliumia kushukuru.

Kwenda tulikwenda vizuri. Tope lililommeza mwaka ule tulilipita juu kwa juu, na mume wangu aligeuka kunitazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Tulipofika ndipo tulipogundua kwamba hakuna aliyefikiria mgonjwa atapandaje. Mlango wa nyuma ulikuwa usawa wa kifua cha mama. Na mwanamume pekee mwenye nguvu pale nyumbani alikuwa mkwilima wake, mume wa binti yake. Kwetu mkwilima na mama mkwe hawagusani, hawaketi pamoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, si ugomvi. Ndoa nyingi zimedumu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mwanamume wetu alikwenda nyuma ya zizi akachunguza kwato za mbuzi, huku mimi na majirani tukipindua kinu, tukimpandisha mama juu yake na kumsukuma ndani.

"Mayu, shika benchi," nilimwambia, kama tuwaitavyo mama kwetu.

"Nishike lipi?" alisema. "Nyinyi mmenipeleka ghorofani."

Mume wangu aliporudi kwenye usukani, aligeuza kioo cha ndani kikatazama paa, asije akamwona mkwewe kwa bahati mbaya. Tukaondoka.

Barabara kubwa ilikuwa inaonekana kabisa tulipoingia kwenye shimo. Halikuwa shimo la kutisha. Gurudumu la mbele likaruka, usukani ukajizungusha mikononi mwake, na gari likakata kulia kama limeitwa jina. Propela ilivunjika kwa kishindo, tukalala kiubavu kwenye ukingo wa mtaro. Mama alikuwa mzima, ameng'ang'ania benchi. Mimi niliruka chini nikafungue mlango, nikasahau kimo chetu kipya, kifundo cha mguu kikateguka.

Nililia kwa hasira. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo mke hamwambii mume mbele ya mama yake. Nilimwambia kwamba mama atakufa hajamwona mjukuu hata mmoja, kwa sababu ya vipande vya mbao. Yeye alitazama barabara, akatazama mguu wangu, akatazama mawingu. Kisha akaenda nyuma ya gari, akageuka, akainama.

"Mayu," alisema akitazama ardhi, "naomba unisamehe. Panda mgongoni."

Mama alizidi kulikumbatia benchi. Kusita kule nilikuogopa kuliko ajali. Halafu alipapasa hewani, akapata mabega, akapanda. Mume wangu alilipita tope hadi magotini, uso chini, na mimi nikachechemea nyuma yao. Barabarani tulichukuliwa na lori la wafanyabiashara wa mnadani, lenye springi zilezile lililozaliwa nazo, limejaa mbuzi, linakwenda taratibu na limenyooka. Hospitalini walikuwa wanakaribia kufunga orodha. Walimpokea.

Bandeji zilipofunguliwa, mama alitazama mikono yake, akatazama dirisha, akanitazama mimi na kusema nimekonda. Mume wangu alikuwa hajui kama tayari zimefunguliwa. Aliingia wodini amebeba chupa ya uji. Mama akamwona mlangoni, akageuza uso ukutani upesi na kujifunika kitenge hadi kichwani.

Mume wangu aliweka uji sakafuni, akatoka mbio. Nilimsikia huko nje akimwambia kila aliyepita, wauguzi kwa walinzi, huku akirukaruka kwa furaha: "Amenificha uso! Mama mkwe amenificha uso!"