Sauti ya Mzee Fagio

Mume wangu hutafsiri filamu. Watu wakisikia hivyo hudhani anajua lugha kumi. Hajui. Ile tamthilia iliyotuharibia mwaka ilikuwa ya lugha ambayo hata salamu yake haijui. Anachofanya ni kusoma maandishi yanayopita chini ya picha, kuyageuza kichwani na kuyasema kwa Kiswahili kabla hayajapotea. Kazi hiyo haitaki shahada. Inataka macho ya haraka na mdomo usiochoka, na mdomo Mungu alimjalia. Zamani alikuwa mtangazaji wa treni stesheni. Stesheni ilipofungwa, jina walilompa kule, Spika, alirudi nalo nyumbani pamoja na koti la kazi.

Studio ni chumba chetu cha kulala. Asubuhi tunasimamisha godoro dirishani ili kelele za nje zisiingie, tunazima feni, yeye anavua shati, mimi nakaa kwenye kompyuta. Kipaza sauti tumekifunga kwenye mwiko na kukivisha soksi. Spika anaigiza wote: bibi, mtoto, polisi, hata mbwa. Lakini kila filamu ina mtu mmoja mwenye maneno mengi kuliko wenzake, na huyo humpa sauti yake mwenyewe, ile ile anayoniitia nimletee taulo. Si kwa mapenzi. Ukikaza koo saa mbili kwa sauti isiyo yako, kesho yake huongei.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya vipindi kumi na viwili, mambo ya kale, nchi ya baridi. Karani mmoja aliyefukuzwa kazi anaanza kwa kulalamika sokoni. Anapata wasikilizaji, anapata chama, mwisho anaipata nchi nzima. Kila tatizo kwake lina jibu moja: watu waliokuja kutoka ng'ambo ya mto ni wachafu, waondoke. Nadhani aliyeitengeneza alitaka tumwogope pole pole. Sasa huyo karani kwenye maandishi ni mkavu kupindukia, anahutubia dakika nane bila hata tabasamu. Spika akanitazama. Na mimi, hili nalisema wazi maana nimechoka kumwachia lawama peke yake, nikamwambia, "Tia chumvi kidogo, baba, watu watalala."

Akatia. Palipoandikwa kwamba taifa ni lazima litakaswe, yeye akasema, "Fagia, mwanangu, fagia!" Yule karani akageuka babu mcheshi, mwenye sauti ya Spika mwenyewe, vijembe na kikohozi cha maringo. Haikupita wiki mbili mtaa mzima ukawa unamwita Mzee Fagio.

Kipindi kilionyeshwa kila Jumamosi saa tisa mchana, katika ukumbi wa video ulio mwisho wa mtaa wetu. Namba yetu ya simu hutajwa mwanzoni, kwa hiyo picha ikiisha tu ujumbe unaanza kumiminika, na kazi ya kuusoma ni yangu. "Spika umetuvunja mbavu." "Mzee Fagio awe rais." "Mzee ana hasira ila anachosema kina ukweli." Huo wa tatu niliusoma mara mbili, nikapita. Bao likiingia uwanjani, watu wanapiga kelele, "Fagia!" Mtu akishindwa karata, fagia. Tulijiona tumeula.

Kwenye baraza la ukumbi huo alikaa fundi viatu. Miaka kumi na tisa, sanduku lake, chuma chake cha kugongea, uzi wa nta na vipande vya tairi. Si mzaliwa wa huku, na lafudhi yake hakuwahi kujisumbua kuificha. Mwaka ule stesheni ilipofungwa, Spika alishinda naye pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwatangaza wapita njia kama treni: "Mama mwenye kapu anaingia jukwaa namba mbili!" Fundi alicheka hadi sindano ikamchoma, akamwambia, "Kaka, mdomo huo unauharibia hapa nje. Ingia ndani ukasemee zile picha zisizoeleweka." Ndivyo mume wangu alivyopata kazi. Tangu hapo mimi kwa Fundi ni shemeji, na yeye kwetu ni ndugu.

Kipindi cha tano ndicho kilichotufikisha pabaya. Familia ya fundi saa, watu wa ng'ambo ya mto, inapewa dakika kumi kufungasha. Kwa dakika nne nzima hakuna anayesema neno. Baba anafunga sanduku, mama anashusha picha ukutani, nje lori linanguruma. Sasa, hakuna kitu anachokiogopa mtafsiri wa filamu kuliko ukimya, kwa sababu akinyamaza tu ukumbi unapiga kelele kwamba mtambo umekufa. Spika akajaza. "Mama, masufuria ya nini tena, huko uendako hawapiki? Baba, usisahau soksi!" Nilicheka mwenyewe pale kwenye kompyuta, ikabidi turudie kurekodi.

Jumamosi tukaenda kuangalia. Watu walicheka mpaka mabenchi yakasogea. Mshona nguo, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa akifuta machozi, na hayakuwa ya huruma. Mimi nilikaa karibu na dirisha ambako Fundi huangalia akiwa amesimama nje, viwiko juu ya nondo. Hakucheka. Wala hakuwa akitazama picha. Alikuwa akiwatazama wanaocheka, benchi moja baada ya jingine, wengi wao watu aliowashonea viatu vya shule walipokuwa wadogo. Kisha akarudi kwenye kiti chake na kuendelea kugonga kisigino cha mtu.

Spika naye alimwona. Nyumbani akasukuma sahani.

"Nimefanya nini mimi?" akaniuliza.

"Tumefanya," nikamjibu.

Kuanzia hapo utani ukahamia barazani. "Fundi, unafagiwa lini?" Mwanzoni alijibu kwa utani vilevile, "Ngoja nimalize kiatu chako kwanza." Halafu asubuhi moja akakuta takataka zimemwagwa ndani ya sanduku lake. Halafu kibao chake cha kutangaza kazi kikavunjwa. Halafu kila siku akawa anakuta fagio limeegemezwa kwenye kiti chake, na yeye alilichukua, akafagia baraza, akalirudisha ukutani. Wateja wakaanza kupita na viatu vyao kwenye mifuko, wakienda kwa fundi wa mtaa wa pili. Ukiwauliza, wanasema ni mzaha tu, mbona unakuza mambo. Mzaha tu!

Spika alikwenda kumwomba radhi. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akatoa misumari mdomoni.

"Kaka, mimi sina neno na wewe. Lakini kama unaweza, mnyamazishe yule mzee kabla hawajaninyanyua hapa. Mimi umri huu nianze wapi tena?"

Tukajaribu. Kipindi cha nane tulikirekodi mara tatu. Bila vijembe, bila kikohozi, maneno ya karani kama yalivyoandikwa, makavu na ya kutisha. Mwanzoni Spika alieleza kabisa kwamba huyu ni mtu mbaya, aliua watu, tusimchekee. Jumamosi jioni nikafungua simu. "Spika unaumwa?" "Usituletee siasa, sisi tunaangalia picha." "Rudisha mzee wetu." Na mmoja, aliyeandika kwa herufi kubwa: "MBONA UNAMWONEA MZEE?"

Simu niliitupa juu ya godoro. Unamwonea! Mtu ambaye kwenye kipindi hicho hicho amechoma mtaa na watu wake ndani! Picha si ilikuwa pale mbele yao? Moshi si waliuona? Unaweza kumlaumu mtafsiri kwa maneno, na mimi namlaumu, lakini macho wamepewa ya nini? Nilizunguka chumba kizima nikigombana na watu ambao hawakuwepo. Spika alikaa kitandani, akivua soksi ya kipaza sauti na kuivisha tena.

Jumamosi iliyofuata, baada ya kipindi cha tisa, mwenye ukumbi alisimama mbele ya pazia la picha. Ni mtu mpole, hapendi ugomvi, na upole wake ndio ulionikera zaidi.

"Wateja wangu, mmelalamika muda mrefu kuhusu baraza. Mnasema pamechafuka. Nataka niweke viti vya kupumzikia. Fundi nimemwambia mwisho wake Jumatatu. Lakini mimi si mtu mbaya. Mwenye la kusema, aseme."

Fundi alikuwa dirishani. Spika akasimama, akaenda mbele. Maneno alikuwa ameyapanga wiki nzima tangu Fundi atudokeze kwamba anaondolewa, mengine aliyajaribu kwangu wakati nikiosha vyombo, na yalikuwa maneno mazuri.

"Ndugu zangu," alianza.

Ukumbi ukalipuka. Ile sauti! Hawakuwahi kumsikia akihutubia, walimzoea kwenye pazia, na sasa Mzee Fagio alikuwa amesimama mbele yao mzima mzima.

"Huyo huyo!" mtu akapiga kelele. "Mzee, fagia!"

"Ndugu zangu, nisikilizeni. Mtu huyu amekaa nasi miaka kumi na tisa..."

Wakapiga makofi. Kadiri alivyokazana kusema kwa uchungu ndivyo alivyozidi kufanana na yule karani, maana yule karani naye kila siku alisema kwa uchungu. Akajaribu kuishusha sauti, ikatoka ya polisi wa kipindi cha pili, wakazidi. Alihangaika pale mbele na hana sauti nyingine ila za bibi na mtoto na mbwa. Nikasimama mimi, nikasema nyote hapa mmevaa viatu vilivyopita mikononi mwake. Mwanamume wa nyuma yangu akanivuta kitenge kwa adabu kabisa.

"Mama, kaa kidogo, tumwache mzee aseme."

Wanaotaka baraza lisafishwe wakaambiwa wainue mikono. Waliinua huku wanacheka. Mshona nguo hakunitazama, lakini mkono wake niliuona.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Fundi akipanga vitu. Alikuwa amefungua sanduku lake na kuviweka kimoja kimoja bila haraka.

"Shemeji," akasema, "mwambie kaka asije kuniaga. Akifungua mdomo watacheka, na mimi leo sitaki kuondoka watu wakicheka."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu, na mume wangu akiwa wa kwanza. Nilimkuta amekwisha kuvaa. Nikampa ujumbe kama ulivyo, sikumpunguzia.

"Basi sitasema kitu," akajibu. "Lile sanduku ni zito. Nitambebea tu hadi stendi."

Na kweli hakusema kitu. Alifika, akaliinua sanduku begani. Fundi akaokota mfuko wa ngozi na chuma chake, akatangulia. Spika akafuata. Mimi nikawa nyuma yao.

"Mzee Fagio!" waliita kutoka kwenye duka la vocha. "Sema basi neno, mzee!" Spika akakaza midomo. Sijawahi kumwona mtu huyo amenyamaza mwendo mrefu hivyo, na kwa hatua kumi na tano hivi nilidhani tutapita salama. Kisha mtu mmoja bombani akaacha ndoo yake, akapiga kofi.

"Jamani, njooni muone! Mzee Fagio anamtoa mwenyewe!"

Wakatoka. Milangoni, madirishani, kwenye cherehani. Makofi yakaanza upande mmoja wa barabara yakahamia wa pili. Simu zikainuliwa. Nilipiga kelele, "Anambebea! Anamsaidia, hamuoni?" na mwanamume mmoja akanijibu huku anarekodi, "Tunajua, mama, tunajua, ameigiza vizuri sana."

Fundi hakugeuka. Aliongeza mwendo ili atoke mtaani haraka, na Spika, jasho likimtoka chini ya mzigo ule, akaongeza naye asije akaachwa, na kwa kila aliyekuwa akitazama ikaonekana wazi kwamba anamfukuza.