Sauti Ipitayo Saa Nne

Shemeji yangu walimwita Redio. Jina lake halisi alilitumia dada yangu peke yake, tena akiwa amekasirika. Kwa miaka ishirini na tisa Redio alitembeza wageni katika kisiwa chetu: siku nne ndani ya basi kuzunguka barabara ya pwani, kutoka bandarini mpaka bandarini, usiku tatu kwenye hoteli tatu, kisha siku tatu za kupumzika nyumbani kabla ya kuanza upya. Alikaa mbele kando ya dereva, kipaza sauti mkononi, akasema. Hakusoma popote. Alijua mwamba upi ulipasua meli ipi, na kwa nini mnara wa taa umeelemea upande wa nchi kavu, na ni fundi gani aliyefukuzwa kwa kosa hilo. Ukimuuliza swali alikujibu, na kama hajui alisema hajui. Wa leo wanashika simu na kusoma. Ukiwauliza jambo ambalo halikuandikwa humo, wanakuonyesha meno.

Barabara yenyewe naifahamu, maana nilikuwa mnyapara wa kikosi kilichoipasua. Siku ya pili ya safari, saa nne asubuhi, basi hupita chini ya nyumba ya Redio. Nyumba iko juu ya kona kali, ngazi thelathini za mawe kutoka barabarani, na mlango wake ni wa kijani. Ratiba haikuruhusu kusimama. Kwa hiyo dada yangu alikuwa akisikia basi likibadili gia chini ya mlima, anaacha alichoshika, anatoka mlangoni na kupunga mkono. Hizo ndizo zilikuwa habari zao zote za siku nne. Yeye amesimama, kwa hiyo nyumbani ni salama. Basi limepita, kwa hiyo mume ni mzima. Siku hizi watu wanaandikiana mara arobaini kwa siku na bado hawajui mwenzao kaamkaje.

Redio aliwaingiza wageni katika jambo hilo. "Pungeni mikono, mabibi na mabwana," alikuwa akisema. "Yule mlangoni ni mke wangu. Msipompungia, mimi nitalala nje." Basi zima lilicheka, na mikono yote ikainuka.

Kisha akaugua koo. Daktari alisema kisanduku cha sauti lazima kitolewe. Kampuni ilipopata habari haikumletea hata tunda la mgonjwa, ilimletea gari. Walimpeleka katika chumba kilichofunikwa sponji kuta zote, na kwa siku tatu, mbele ya fundi wa sauti, akaisema safari nzima, kona baada ya kona, macho ameyafumba. Sauti ile wakaitia katika kifaa kinachojua basi limefika wapi. Likifika kona fulani, chenyewe kinasema maneno ya kona hiyo. Wiki iliyofuata Redio alipasuliwa. Alirudi na kitambaa shingoni na kidaftari kilichoning'inia kwa kamba kifuani, na tangu hapo maneno yake yote yalitoka humo.

Wakampa kazi ya kupakia na kupakua mizigo. Akawa anazunguka kisiwa kilekile, amekaa kiti cha nyuma kabisa, anajisikiliza akisema mbele.

"Unajisikiaje, shemeji?" nilimuuliza.

Aliandika: *Kama kumwona mtu anatumia mswaki wangu.*

Jambo moja lilinikera kabla halijaanza kuniogopesha. Kisiwa kilikuwa kinaliwa na bahari, lakini sauti haikujua. "Kulia kwenu," ilisema kwa furaha, "ni kiwanda cha barafu, na yule mlinzi aliyesinzia ni mjomba wangu." Kiwanda kilikwenda na maji msimu mmoja baada ya sauti kunaswa, na mjomba alikuwa ameshazikwa. Wageni waligeuza shingo kulia, wakatazama maji matupu, wakaitikia kwa vichwa. Mmoja alisema, "Kweli, kasinzia."

Mwaka wa pili dada yangu alianza kuumwa bega la kulia. Miezi saba ya mwisho mkono ule ulining'inia tu, akawa anapunga kwa wa kushoto. Alifariki siku ya tatu ya safari. Siku ya pili alikuwa amepunga.

Baada ya maziko Redio alikwenda ofisini na kidaftari chake, nami nikamsindikiza. Aliomba sentensi zile za mlangoni zifutwe. Msimamizi alikuwa mtu wa adabu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Mzee wangu, hapo ndipo wageni wanapopenda kuliko pote. Wanapaandika kwenye maoni."

*Mke wangu amekufa.*

"Pole sana, mzee. Lakini wao hawajui."

Mla ni mla leo, mla jana kala nini. Tukaondoka.

Basi likaendelea kupita, sauti ikaendelea kuomba mikono, na Redio, huko nyuma, alijifunza kufumba macho kuanzia kona ya pili mpaka ya nne. Nyumba alikuwa akiifunga kwa kufuli kila anapoondoka, na ufunguo alilala nao mfukoni.

Miezi mitano ikapita hivyo. Siku moja dereva alimfuata wakati anashusha mabegi. Dereva yule ni mtu wa mizaha, lakini siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Mzee Redio, kwako anakaa nani siku hizi?"

Redio akatikisa kichwa: hakuna.

"Mimi kona ile siwezi kuangalia pembeni, nikiangalia tutaliwa na samaki wote. Lakini masikio ninayo. Leo mama mmoja kaniuliza, yule mwanamke wa mlango wa kijani mkono wake wa kulia una nini? Mbona anapunga wa kushoto?"

Jioni ile Redio alikuja kwangu. Nilimpa jibu ambalo mtu yeyote mwenye akili angempa: wageni huona wanachoambiwa. Si wamemwona mjomba kwenye kiwanda ambacho hakipo?

Aliandika polepole, akakandamiza kalamu: *Mimi nilisema mkono wa kushoto?*

Hakusema. Sauti ilinaswa dada yangu angali mzima, mabega yote mawili. Nikainuka, nikafunga dirisha ingawa hapakuwa na baridi.

Tangu siku ile Redio hakufumba macho tena. Alihamia kiti cha upande wa mlima, akakiuma kidaftari kwa meno kama mtu anayesubiri kushonwa jeraha. Sauti ikasema, mikono ikainuka, watu wakacheka na kuita, "Mama! Mama!" Redio alitazama mlango mpaka ukapotea nyuma ya mwamba. Aliona mbao, rangi ya kijani, na kufuli.

Alirudia safari baada ya safari. Wote wanaona, yeye haoni. Na ndipo kampuni ikatangaza kwamba kuanzia mwezi unaofuata kutakuwa na sauti mpya, ya mtangazaji fulani wa mjini ambaye hajawahi kukanyaga kisiwa hiki. Maneno ya mlangoni hayangekuwamo. Zilibaki safari mbili.

*Nataka kumwona,* aliniandikia. *Mara moja tu. Kisha wafute wanavyotaka.*

Safari ya kwanza kati ya hizo mbili alimsihi dereva asimame chini ya ngazi, kabla kifaa hakijasema. Dereva akasimama. Wageni wakatazama juu wasijue wanatazama nini. Mlango umefungwa. Upepo tu. Lori likapiga honi nyuma, dereva akaondoa breki, sauti ikaanza, na papo hapo bwana mmoja akasema, "Ahaa, huyo katoka!" Redio alikuwa amebandika uso kwenye kioo. Kufuli halikutikisika.

Nilimkuta jikoni kwake siku mbili baadaye, amekaa mbele ya chai iliyopoa.

"Shemeji," nilimwambia kumchangamsha, "dada yangu alikutazama miaka thelathini na soksi zako hufui. Labda amechoka kukuona."

Hakucheka. Aliandika ukurasa mzima, akaupindua kunielekezea. *Hapungii basi. Anapungia sauti. Ndiyo anayoijua. Huyu anayekaa nyuma hana sauti, kwake si mtu. Safari ya mwisho sipandi. Nitasimama mlangoni mwenyewe. Sauti ikipita, atatoka, na atanikuta hapo hapo.*

"Na mizigo?"

*Utapakia wewe. Kaa kiti changu. Utaniambia ulichoona.*

Nilitaka kukataa. Lakini aliyekuwa akitafutwa ni dada yangu, nasi tulinyonya ziwa moja.

Nilipanda basi siku ya Jumatatu, wageni ishirini na wawili, wengi wao wastaafu kutoka bara. Sikuwa nimepanda tangu sauti inaswe. Nilidhani nimejiandaa. Kisha pale bandarini spika iliyo juu ya kichwa changu ikakohoa kidogo, kikohozi chake kilekile cha kusafisha koo kabla ya neno la kwanza, na nywele zikanisimama. Alikuwa hai humo. Alikuwa na miaka yake yote humo, na anasema mambo ambayo sisi wawili tu tulibaki tunayajua, kwa watu waliokuwa wanakula karanga. Siku nzima nilisikia akiita majina ya walioondoka na mahali palipoondoka. Kila alipoita, vichwa viligeuka, na mara mbili nilijikuta nami nageuka.

Siku ya pili jua lilikuwa kali, bahari imetulia kama sahani. Nilikaa upande wa mlima. Kando yangu alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwenye miwani minene, aliyenisumbua kwa maswali tangu chai ya asubuhi. Tulipoanza kupanda, dereva alibadili gia. Alinitazama kwenye kioo chake, kisha akarudisha macho barabarani.

"Pungeni mikono, mabibi na mabwana," ikasema sauti.

Niliuona mlango. Ulikuwa wazi. Redio alikuwa amesimama katikati yake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, suruali nyeusi, viatu vya ibada. Ameinua mkono. Nilimwona wazi kama ninavyoona karatasi hii, hata kitambaa cha shingoni, hata kidaftari. Kando yake hapakuwa na mtu. Nyuma yake kulikuwa na giza la kawaida la chumba.

"Jamani, huyo!" wageni walipiga kelele. "Mama! Hujambo, mama!"

Nilimshika mwalimu mkono. "Unamwona nani pale?"

"Si ni yule mama! Mke wake huyu bwana anayesema."

"Na mwanamume aliye naye?"

Mwalimu alisogeza miwani. "Mwanamume gani, baba? Yuko peke yake."

Nikamuuliza bwana wa kiti cha mbele. Peke yake. Nikamuuliza mkewe. Peke yake, tena kavaa vizuri. Watu ishirini na wawili walitazama mlango ambao mtu mzima wa kilo themanini alikuwa amesimama katikati yake, na hakuna aliyemwona. Nilipiga ubavu wa basi kwa ngumi. Dereva akasimama palepale kona, akafungua mlango bila kuuliza, nikashuka. Nyuma yangu sauti iliwaambia wageni kwamba safari inaendelea.

Ngazi thelathini kwa magoti yangu si kazi ndogo, na niliogopa kuinua macho nisije nami nikakuta mlango mtupu. Lakini alikuwapo. Alikuwa bado ameinua mkono. Nilimshika bega. Lilikuwa na joto, lilikuwa la mtu. Nikashukuru.

Alishusha mkono, akaandika haraka mpaka karatasi ikachanika: *Sikuona kitu. Walimwona?*

Mtu aliyejisomesha mwenyewe kama mimi hupenda kudhani anajua la kusema. Ningeweza kusema hapana, mlango ulikuwa mtupu, yaishe, akalale. Ningeweza kusema waliwaona wawili, mume na mke bega kwa bega, naye angeishi kwa neno hilo mpaka siku yake. Lakini yeye katika miaka ishirini na tisa hakuwahi kuwaambia wageni asilolijua.

"Walimwona," nikasema. "Wote."

*Alisimama wapi?*

"Hapo."

Alinyoosha kidole kuume kwake, kisha kushoto kwake, ananiuliza.

"Hapana, shemeji. Hapo hapo ulipo."

Alitazama kizingiti chini ya viatu vyake. Alikitazama mpaka basi likasikika likibadili gia upande wa pili wa mwamba na kupotea. Hakuniuliza kama yeye mwenyewe alionekana, nami sikumwambia, nadhani alielewa. Kisha akasogea nusu hatua, taratibu, mgongo ukagusa fremu ya mlango, kama mtu anayempisha mwenye nyumba.

Sauti mpya sasa inapita kila wiki, na hakuna anayeinua mkono. Redio bado anaishi pale peke yake. Anapoingia na anapotoka, hata kama amebeba ndoo mbili, hupita ubavu, akiacha nafasi.