Niliichelewesha Kombi ya Baba Zuhura

Nimekosa. Nasema hivyo kwanza, maana nikianza na maelezo nitajitetea tu, na utetezi sina.

Mimi ni fundi magari hapa Masasi. Watu hunisifia sikio. "Huyu anasikia injini kama daktari anavyosikia kifua," wanasema. Sifa hizo zilinilevya, jamani!

Baba Zuhura, dereva mstaafu, alikuwa na kombi ya zamani yenye kitanda na jiko dogo la gesi ndani. Alinunua kwa wageni waliokuwa wanarudi kwao. Hakuitaka kwa anasa. Mkewe alivunjika nyonga, haikuunga vizuri, hakuweza kukaa kwenye kiti hata nusu saa. Safari zake zote ilibidi alale.

Siku hiyo walipigiwa simu kutoka Newala. Dada yake Mama Zuhura, aliyemlea tangu mdogo, hali yake ilikuwa mbaya na alikuwa anamtaja mdogo wake.

Baba Zuhura akaja mbio. "Fundi, inakohoa, haina nguvu. Mlima wa Newala itapanda kweli?"

Nikafungua. Platini, zile zinazokatiza umeme ili cheche iruke, zilikuwa zimechakaa, nikaweka mpya. Baada ya hapo lazima upange taiming, yaani cheche iruke wakati wake, isiwahi wala isichelewe. Kuna taa maalumu unayomulika alama za kwenye puli. Taa yangu niliiazimisha kwa fundi mwenzangu Ndanda. Ningeweza kuomba nyingine gereji ya jirani, hatua ishirini tu! Nikaona aibu. Mimi, mwenye sikio, niombe taa?

Nikalegeza distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi, nikaizungusha huku nasikiliza. Kila nikiisogeza mbele, injini inachangamka. Nikasogeza tena kidogo. Ikawa nyepesi, inaitika kwa kugusa tu. Nikakaza nati.

Mama Zuhura, amelala kule nyuma, akaniambia, "Mungu akuweke, mwanangu. Nitamuwahi dada."

Sauti hiyo haijanitoka mpaka leo.

Kabla ya adhuhuri simu ikaita. Wamekwama katikati ya mlima. Nikapanda bodaboda na mkoba wa vifaa. Baba Zuhura akanieleza kwamba ilipoanza kupanda, injini iligonga kama kokoto ndani ya kopo, halafu ikatoa moshi, ikazima. Nilipovuta plagi moja nikaona imeyeyuka ncha, na punje za alumini zimeigandia. Pistoni ilikuwa imetoboka.

Nikajua palepale. Cheche ilikuwa inawahi mno, na mzigo wa mlima ukamaliza kazi.

Sasa sikieni nilichofanya! Baba Zuhura alikwenda pembeni kuswali. Nikalegeza ile nati, nikairudisha distribyuta mahali pake, nikafuta mikono. Aliporudi nikamuuliza, "Petroli ulijaza wapi, Baba Zuhura?"

"Niliongeza ya chupa, kule kijijini chini."

"Basi ndiyo hiyo. Imechanganywa."

Mama Zuhura akageuza uso kwa mumewe. "Ya chupa, Baba Zuhura? Leo?"

"Nisamehe, mke wangu. Niliogopa isitufikishe."

Mimi nikainamia mkoba wangu.

Magari yalipita, lakini nani ana nafasi ya mtu kulala? Alasiri ikapatikana pikapu yenye godoro. Walipofika Newala, wakakutana na wanaume wanarudi kutoka makaburini kumzika. Mama Zuhura hakuuona hata uso wa dada yake.

Tangu hapo nasikia ule mlio wa kugonga kila mahali. Gari zima kabisa likipita, nasikia kokoto. Mke wangu akishona kwa cherehani, nasikia kokoto, natoka nje. Ananiuliza nina nini, namwambia kichwa.

Mama Zuhura amefariki mwaka huu. Siku chache baada ya matanga nilishindwa kuvumilia, nikaenda.

"Shikamoo, Baba Zuhura."

"Marahaba, fundi. Karibu."

Nikamweleza yote, taa, distribyuta, mpaka vile nilivyoirudisha akiwa kwenye sala. Nilidhani atanipiga. Laiti angenipiga!

Alikunja na kukunjua kofia yake. Halafu akasema taratibu, "Kila Ijumaa nilimwomba radhi kwa ile petroli. Mwisho akaniambia amenisamehe. Sasa nitamwambia nani kwamba sikumkosea?"

Akanisindikiza hadi barabarani kwa adabu, kama mgeni yeyote, akarudi ndani.

Mafundi wenzangu, ombeni taa. Aibu yake inaisha jioni. Na wewe usiye fundi, ukikosea, sema wakati uliowakosea bado wana masikio ya kukusikia. Mimi nilisubiri, na aliyestahili kusikia tumeshamzika.