Rangi Ambayo Stanley Hakuitaja

Hapa Boko sote tunajua kwamba Mwalimu Avelina haamini uchawi. Ni mzee wa kanisa, na alifundisha sayansi mpaka akastaafu. Ila jicho la husuda la jirani yake Nusaiba, hilo analiamini.

Yote yalianzia kwenye mche wa haibiskasi alioununua mumewe, Stanley, kwa wauza miche wa Tegeta. Avelina alimuuliza utatoa ua la rangi gani, mzee akacheka. "Nimekuchagulia mwenyewe. Subiri uone." Akafariki kabla haujachanua. Tangu hapo Mwalimu hakutaka kingine ila kuiona hiyo rangi.

Aliulea kwenye ndoo, akauwekea samadi ya kuku, akaufuta majani kwa kitambaa. Matumba yakaja. Siku hiyohiyo Nusaiba, akianika nguo, akachungulia juu ya ukuta na kuuliza litakuwa ua la rangi gani. Kesho yake tumba likadondoka. Mwalimu akaihamishia ndoo nyuma ya simtanki la maji. Likadondoka jingine. Akaipeleka barazani, kisha bafuni, kisha sebuleni nyuma ya pazia. Kila ilipohama matumba yalipukutika, na kila yalipopukutika alizidi kumsema Nusaiba. Nusaiba mwenyewe alimshauri aache kuuhamishahamisha, mmea huo haupendi. Mwalimu alivyotusimulia majirani, midomo kaibana: "Anataka ukae palepale ukutani, aufikie vizuri."

Ikatokea msiba wa shangazi yake Bukoba. Asubuhi ya safari alikuwa ameutoa mmea upate jua karibu na ukuta, teksi ikapiga honi, akafunga geti akaondoka, ndoo akaisahau palepale. Huko msibani simu ya Nusaiba ikaita, ikaita tena. Hakupokea. Alijua tu anataka kuhakikisha kama nyumba haina mtu.

Aliporudi hakuweka hata begi chini. Udongo wa ndoo ulikuwa umeloa. Geti limefungwa, sasa nani kaingia? Halafu akaliona ua chini, limejisokota, limekuwa la kahawia. Ua la haibiskasi huishi siku moja tu.

Nusaiba akatokeza kichwa juu ya ukuta, mpira wa maji mkononi. Alikuwa akiumwagilia kutokea kwake.

"Mwalimu, mie nilikupigia nikuoneshe kwa video. Hukupokea. Ikabidi nilipige picha."

Akampa simu. Ua la njano, katikati jekundu. Ilikuwa njano ya gauni alilovaa Avelina siku Stanley alipokwenda kujitambulisha kwao. Mwalimu akalia palepale kwa sauti, bila kujali nani anamwona. Yule ambaye Mwalimu alimficha ua muda wote huo ndiye pekee aliyeliona likiwa limechanua.

Lilibaki tumba moja. Lilipoanza kufunguka, alimwita Nusaiba aje wanywe chai walitazame pamoja. Ndoo hakuigusa. Ila kiti chake alikiweka katikati ya mgeni na ua.